Tulivyoimba Kijapani Mikumi

Nyimbo nilizozipenda kuliko zote kuimba na rafiki zangu zilikuwa tatu, zote za Kijapani, na sikuelewa hata moja. Nasema mapema ili mtu asije akadhani tulikuwa na elimu ya siri. Hatukuwa nayo. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari, mwenzangu mmoja nesi, mwingine fundi cherehani, wote wa Kilosa. Soko huria lilipokuja tulilisubiri lituletee chaki shuleni na dawa hospitalini. Likatuletea chombo cha kuimbia.

Chombo chenyewe kilikuja ndani ya basi, na basi lilikuwa la mtu tuliyemwita meneja. Siku za foleni alikuwa kweli meneja, wa duka la umma pale wilayani. Sukari ilitoka kwa kibali chake, na ukimwomba kilo ya ziada kwa ajili ya msiba alikuhutubia juu ya ubaya wa ubepari mpaka ukasahau aliyekufa ni nani. Ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Sisi wengine bado tunaulizana neno lenyewe lina maana gani, yeye tayari ana baa na nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, na ana basi kuukuu lililoshushwa melini kutoka Japani. Waliomuuliza mtaji kaupata wapi aliwajibu kwamba maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyoirudisha nchi nyuma. Na sisi, aliotuita "ndugu" miaka yote ile, tukawa "wateja wangu wapendwa".

Basi lile nadhani kwao lilikuwa la kubeba wazee wanaokwenda kutembea. Lilikuwa na mapazia ya zambarau yenye nyuzi za dhahabu, na kila kiti kina kisahani chake cha kuzimia sigara. Ubavuni palikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo meneja alikataa yasifutwe kwa sababu, alisema, ndiyo yanayothibitisha ubora. Dereva akirudi kinyumenyume, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ikisema jambo kwa upole, tena na tena, na kina mama wa sokoni wakaiitikia: "Marahaba, mwanangu, marahaba."

Nyuma ya kiti cha dereva kulifungwa sanduku la chuma lenye vipaza sauti viwili vya kushika mkononi, na chini yake kanda nene kama matofali. Fundi redio aliyeitwa kulikagua alieleza kwamba hiyo ndiyo karaoke. Ukiweka kanda, muziki unalia bila mwimbaji, na abiria mwenyewe anaimba.

Meneja alifikiri kidogo. "Yaani mteja anafanya kazi ya bendi," alisema, "na mimi simlipi?"

Wiki hiyohiyo akaling'oa sanduku, akalipeleka baa yake ya Mikumi, akaliweka nyuma ya wavu wa chuma kama simba.

Tulianza kwenda Jumamosi mchana. Basi lilitoka Kilosa asubuhi na kurudi kesho yake, na tulilala kwa shangazi yake fundi, mama mkarimu ambaye hakuwahi kutuuliza tunafuata nini. Sanduku lilitumia betri mbili za lori. Zikiwa na nguvu, muziki ulikwenda vizuri. Zikianza kuchoka, kanda ilipungua mwendo, filimbi zikawa matarumbeta, na ukimsikiliza mwimbaji wa kike aliyemo ndani alikuwa akigeuka mwanaume taratibu mbele yako. Kwa maana mwimbaji alikuwemo. Kulikuwa na swichi ambayo ukiigeuza unamsikia kwa mbali, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Tulijifunzia hapo. Nesi alikuwa na sikio la ajabu. Alisikia mara mbili akashika, mara ya tatu akaimba kama aliyezaliwa nayo. Mimi niliandika maneno kwa chaki kwenye ubao wa vyakula, chini ya wali nyama na ndizi utumbo. Kijapani kinaandikika kwa herufi zetu bila taabu, maana karibu kila silabi inaishia na irabu kama yetu, na katika hilo tu nawasifu. Siku moja dereva wa lori la Tunduma aliketi, akasoma ubao kwa makini, akamwita mhudumu.

"Nipe hiyo ya mwisho," alisema, "lakini isiwe na mafuta mengi."

Wimbo wa kwanza tuliuita Kokoro, kwa sababu neno hilo lilirudi kila ubeti. Nesi, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, alicheka alipolisikia. Kwao kokoro ni wavu wa kuvulia samaki, ule uliopigwa marufuku kwa kuzoa mpaka vifaranga. "Huyu mama analilia nyavu zake," alisema. "Wamemkamata kwenye doria."

Wa pili ulikuwa Ame. Huo ulinitesa mimi. Mwimbaji anapandisha pumzi, anafumba macho, anasema "ame", halafu ananyamaza. Amefanya nini? Amekwenda? Amekufa? Mwaka mzima nilisubiri kitenzi hakikuja. Fundi ndiye aliyeupenda, maana ulimwacha atoe ile sauti yake nzito ya kwao Munisagara, ya mtu aliyezoea kuita mwenzake ng'ambo ya mto.

Wa tatu ni Hana. Hana, hana, mpaka mwisho. Hana nini hatukuambiwa. Tulikubaliana kwamba hana kitu kabisa, na kwa jinsi hali ilivyokuwa pale Kilosa tuliuimba kwa uchungu wa kweli.

Nikiwa mkweli, nyimbo zenyewe zilikuwa za hovyo. Zote tatu zilianza na gitaa la kulialia, zikafuata manung'uniko ya chinichini, halafu kituo cha kuvuta pumzi, halafu kilio cha kuamsha mji. Nimefundisha watoto wa bweni, najua malalamiko yalivyo. Hayo yalikuwa malalamiko ya mtu aliyeshiba. Lakini tulizipenda, na nadhani najua kwa nini. Kwenye bendi za Dar es Salaam lazima ujue kucheza, la sivyo unachekwa. Nyimbo za Kiingereza zilionyesha nani kasoma na nani hakusoma. Kijapani kilitukuta wote wajinga, mwalimu na fundi sawasawa, na hakuna aliyeweza kumsahihisha mwenzake.

Tukakaa hivyo kwa raha mpaka alipotokea anayejua.

Huyo alikuwa mtumishi wa reli pale stesheni ya Kilosa. Alipelekwa Japani nusu mwaka kwa mafunzo ya taa za kuongozea treni, akarudi na suti nyeusi, saa ya mkononi inayolia yenyewe, na kuinama. Aliinama kwa kila mtu. Kijana akikutana na mzee anasema shikamoo, hilo halina mjadala. Yeye aliinama kimya mpaka kiunoni. Mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akingoja treni ya kwenda bara alimtazama, akangoja salamu yake, haikuja. Akamgeukia jirani. "Huyu kijana anaumwa tumbo?"

Jumamosi moja alipanda basi kuja Mikumi, akatukuta baa tunaimba, akasimama mlangoni akitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.

"Mnajua mnachoimba?" alituuliza.

"Hatujui," alisema nesi.

"Basi nitawaambia."

Akatuambia. Kokoro, kwa maelezo yake, ni wokovu. Ame ni maendeleo. Hana ni upendo usio na mwisho. Nyimbo zote tatu, alisema, ziliwasaidia Wajapani kuinuka baada ya vita. Nilimtazama usoni. Nimesahihisha insha za kutosha kumjua mwanafunzi ambaye hakusoma kitabu, na maneno yote aliyotupa yalikuwa ya aina moja, yale ya kufungulia mikutano. Lakini fundi alivutiwa. Nesi ndiyo kabisa. Yeye alikuwa muumini na mwanakwaya, na kabla ya mwezi kuisha kwaya yake ilikuwa ikiimba Kokoro kanisani kwa maneno ya Kiswahili kuhusu wokovu. Mchungaji aliupenda sana, akasema una roho.

Na huyo kijana naye nesi akampenda. Kijana alikuwa akimtembelea jioni nesi anapotoka zamu, wanakaa kwenye baraza ya nyumba za wauguzi, na kijana anamsemesha Kijapani.

"Ananiambia maneno, mwalimu," alinieleza, "mpaka sijui niangalie wapi. Ni marefu, halafu yana heshima. Hakuna mwanaume aliyewahi kuniongelesha hivyo."

"Yana maana gani?"

"Anasema hayatafsiriki."

"Neno lisilotafsirika," nilimwambia, "ama ni tusi ama ni uongo."

"Una wivu."

"Nina masikio."

Alicheka, lakini alinuna pia, na kwa muda hakunipitia nyumbani kama alivyozoea.

Sasa meneja akapata habari kwamba kuna Wajapani wanapitia Mikumi kwenda kuona wanyama mbugani, wageni wakubwa, wataalamu. Wakati ule neno "mwekezaji" lilikuwa linajaza mate mdomoni mwa kila mwenye kiwanja. Meneja aliamua kwamba hao ni wawekezaji, akaamua watajenga hoteli ya ghorofa kwenye kiwanja chake, na akaamua njia ya kuwapata ni sisi. Watu wakiwasikia Waafrika wanaimba nyimbo zao, alisema, moyo wao utalainika na mfuko utafuata. Aliagiza mawe ya uani yapakwe chokaa. Alimteua kijana wa reli kuwa mkalimani rasmi. Na kwa kuwa alitaka tuonekane Wajapani, aliteremsha mapazia ya basi akamkabidhi fundi.

Fundi alihuzunika. Alikuwa fundi wa suti. Mitumba ilikuwa tayari inamwua pole pole, makoti ya Ulaya yanauzwa sokoni kwa bei ya vifungo vyake tu, na sasa anashonea watu wazima majoho ya mapazia. Lakini alishona, tena vizuri, nyuzi za dhahabu zikaanguka kifuani. Tulipoyavaa tulifanana na madirisha matatu.

Wageni walifika mchana, jua kali, wakiwa watatu. Mzee mmoja mfupi mwenye kofia pana, mwenzake wa makamo aliyebeba kamera, na mwanamke kijana aliyevaa kitenge na kandambili. Mkalimani wetu alikuwa mlangoni. Aliinama, akabaki hivyo muda mrefu, akainuka, akatoa sentensi moja ndefu ya Kijapani, laini, isiyo na kigugumizi. Nesi alinifinya mkono kwa fahari. Na mimi nakiri nilishtuka, maana ilisikika ya kweli.

Yule mzee alisimama. Aliangalia miguuni pake. Akageuka kuangalia nyuma. Kisha akarudi hatua moja, kwa adabu, akasubiri.

Meneja hakuona kitu. Alianza hotuba: karibuni Tanzania mpya, ardhi ipo, amani ipo, kiwanja hiki kina hati. Akamwashiria mkalimani. Mkalimani akainama tena, akasema maneno yaleyale, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Mzee akarudi hatua nyingine, kisigino kikagonga jiwe la chokaa, na mwenye kamera akamdaka asianguke kwenye maua.

Hapo mwanamke kijana akasogea mbele. "Shikamooni wazee," alisema. "Hamjambo wenzangu."

Wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa pembeni wakaitikia marahaba kwa mshangao. Alikuwa na Kiswahili safi kuliko cha wanafunzi wangu.

"Nilifundisha hesabu sekondari, kule Songea," alieleza, akiwa na aibu kidogo. Kisha akamgeukia mkalimani. "Samahani kaka. Naomba kuuliza. Treni iko wapi?"

"Treni gani?" aliuliza meneja.

"Huyu kaka anatuambia treni inaingia, kwa usalama tusogee nyuma ya mstari wa njano. Ametuambia mara mbili."

Kuna kicheko cha baa, najua kilivyo, na nilikitegemea. Hakikuja mara moja. Watu walikuwa wanamtazama nesi, kwa sababu mji mdogo unajua nani anakaa barazani na nani. Kijana wa reli alikuwa ameinama, safari hii hakuinuka.

Nesi alitoka kwenye mstari wetu, na joho lake la pazia, akaenda mpaka mbele ya yule mgeni.

"Dada," alisema, "mimi kuna maneno nimeambiwa. Naomba unisikilize."

Akayasema. Yote. Nilikwambia ana sikio. Alikuwa ameyashika jioni baada ya jioni bila kukosea hata pumzi, na sasa aliyatoa mbele ya watu, polepole, na macho makavu. Mgeni aliziba mdomo kwa kiganja.

"Matamshi yako ni mazuri sana," alisema.

"Nakuuliza maana."

"Milango inafungwa. Tafadhali kuweni waangalifu." Akasita. "Halafu ni majina ya stesheni. Halafu ni mahali pa kubadilisha treni."

"Na ya mwisho? Ile ambayo inashuka sauti?"

"Ya mwisho inasema, tafadhali usisahau mwavuli wako."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimliza. Aliniambia mwenyewe. Sasa hakulia. Alisema "Ahsante dada," akarudi kwenye nafasi yake kati yangu na fundi, akanyoosha pazia lake begani. Ndipo kicheko kikaja, na kilikuwa kikubwa, na madereva wa malori wakawa wanawaeleza upya wale waliokuwa chooni.

"Muziki!" alipiga kelele meneja. "Wekeni muziki!"

Tukaimba Kokoro. Sijawahi kumsikia nesi akiimba vile. Hakuutazama ubao, hakumtazama mtu. Fundi na mimi tulijaribu kumfuata tukaona aibu, tukamwachia. Yule mgeni mzee alivua kofia yake akaishika kifuani. Hata mimi, niliyekwisha kuudharau wimbo ule, nilisahau kwa muda kuudharau.

Halafu mzee akaomba kipaza sauti.

Nimesikia waimbaji wabaya. Mwalimu mkuu wetu aliongoza wimbo wa shule kila Jumatatu. Lakini yule mzee alikuwa wa daraja lake. Alianza kabla ya muziki, akamaliza baada yake, na katikati hawakukutana hata njia panda. Aliimba Ame. Aliimba Hana. Akaomba kanda nyingine, ambazo sisi hatukuwahi kuzigusa, akaziimba nazo, uso umemwiva kwa furaha, na kwa kuwa ni mwekezaji hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Meneja alipiga makofi kila wimbo mpaka viganja vikavimba. Betri zilipochoka muziki ukawa unakokota kama mkokoteni wenye gunia moja zaidi, naye akapunguza mwendo kuufuata, kwa uvumilivu, hadi vyote viwili vikazima.

Ndipo meneja akamwuliza yule dada, kwa unyenyekevu ambao hatukuwahi kuuona dukani kwake, kama mheshimiwa amekipenda kiwanja.

Dada alimwuliza mzee. "Anasema amefurahi sana. Tangu astaafu hajaimba. Alikuwa mtaalamu wa mpunga."

"Na hoteli?"

"Hana hoteli. Anaishi kwa binti yake."

Wakati meneja akiyatafuna hayo, sisi tulimwuliza dada maana ya nyimbo zetu. Akatuambia. Kokoro ni moyo. Ame ni mvua, na kitenzi nilichokingoja hakikuwepo kabisa. Hana ni ua. Basi. Nusu ya msamiati ule mtu angeufundisha chekechea. Na wimbo wenyewe wa Kokoro unamhusu mwanamke anayeuza vinywaji baa, akimngoja mume wa mtu.

"Tumeuimba kanisani," alisema nesi. "Mpaka Pasaka."

Dada hakujua acheke au aombe radhi, akafanya vyote viwili. Aliangalia pia majoho yetu kwa muda, akauliza kwa upole kama ni mapazia. Fundi alimjibu kwamba ni mapazia, na akamwonyesha jinsi alivyoficha mishono.

Kijana wa reli tulimkuta ndani ya basi, kiti cha nyuma kabisa, amelivua koti lile jeusi. Sikutaka kwenda. Nesi ndiye aliyenishika mkono, kama anavyomshika mtu wa kumsaidia kumwinua mgonjwa. Alisimama kwenye njia katikati ya viti.

"Ulikuwa unanicheka?" alimwuliza.

"Hapana."

"Sasa ilikuwa nini?"

"Kule hakuna aliyeniongelesha," alisema. "Darasani tulifundishwa kwa Kiingereza. Bwenini kila mtu na mlango wake. Asubuhi nakwenda stesheni, jioni narudi stesheni, na ile sauti inaniambia maneno. Kwa upole, kila siku. Hakuna mwingine aliyesema na mimi kwa upole. Nikayashika."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

"Ungekaa kunisikiliza? Mtu aliyekwenda Japani, akarudi na tangazo la treni?"

Mimi nilikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba nusu mwaka ni muda wa kutosha kujifunza hata salamu, na kwamba mbuzi wa stesheni ya Kilosa wamesikia matangazo mengi kuliko yeye na hawajamchumbia mtu. Kijana aliinamisha kichwa. Nesi alinitazama kwa namna ambayo haikunifurahisha, akashuka.

Hatukurudi tena Mikumi kuimba. Meneja alimpa kisogo kila mmoja wetu, kana kwamba sisi ndio tuliomfukuza mwekezaji, na baada ya muda alimwuzia mhubiri mmoja lile sanduku pamoja na vipaza sauti vyake. Mapazia hakuyadai. Vyama vingi vilipokuja aligombea udiwani kwa chama kimoja, akashindwa, akagombea kwa kingine, na mara zote mbili alizungumza kwa uchungu juu ya wale waliotufikisha hapa. Fundi aliacha cherehani. Alijaribu kupunguza na kukarabati mitumba, lakini alisema kufupisha suruali ya marehemu wa Ulaya si ufundi, akaenda Ruhembe kwenye miwa. Tulionana mara chache, na hatukuimba.

Reli nayo ikapunguza watu. Kijana wetu alikuwa kwenye kundi la mwanzo. Nilisikia yuko Kidete analima vitunguu karibu na mto, nikasema vizuri, vitunguu havina haja ya mkalimani. Kisha nesi akaanza kumtaja. Kwanza alikuja hospitali amejikata mguu kwa jembe. Halafu kidonda kilikataa kupona, ikabidi arudi. Halafu kidonda kilipona na bado anarudi.

Siku aliyokuja kuniambia alinikuta nasahihisha madaftari. Hakuketi.

"Tumekubaliana," alisema. "Wazazi wangu wameshamwona. Baba amempenda, anasema anajua kuamkia watu."

"Sasa ndiyo anajua."

"Sasa ndiyo anajua, ndiyo."

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia yote. Kwamba mtu aliyekutia aibu mbele ya madereva wa malori atakutia aibu tena mbele ya watoto wako. Kwamba hakukuongopea kwa jambo kubwa, ambalo lingekuwa na heshima yake, amekuongopea kwa jambo la kipuuzi. Kwamba mji mzima bado ukimwona unamwuliza mwavuli wake uko wapi. Nesi alisikiliza mpaka nikamaliza, kama anavyomsikiliza mgonjwa anayeeleza maumivu ambayo si ugonjwa wenyewe.

"Unajua kudharau, mwalimu," alisema. "Unajua sana. Umemdharau meneja, na alistahili. Umewadharau Wajapani na nyimbo zao, na ulikuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi. Mimi nataka mtu wa kukaa naye. Yule akiwa peke yake miezi yote ile alishika maneno ya upole, hakushika matusi. Ninyi mngeshika nini?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la dharau tena, na mara hiyo moja niliona nilimeze.

Alihamishiwa zahanati ya Kidete kwa maombi yake mwenyewe, jambo ambalo mganga mkuu alilishangaa, maana watu huomba kutoka kule. Nilimsindikiza. Tulipanda treni na vyombo vyake, godoro limefungwa kamba, kuku wawili chini ya kiti, na tulipopita Munisagara alichungulia dirishani kuangalia kama atamwona mtu wa kwao fundi. Mume wake mtarajiwa alikuwa akitungoja kwenye kokoto, amevaa kaptula ya shamba, miguu ina tope. Aliniamkia vizuri. Namwona mjinga mpaka leo, na nimekula vitunguu vyake miaka mingi. Alichukua ncha moja ya godoro, mimi nikachukua nyingine, tukalishusha.